Kigingi cha Neptuni

Jumatano, 7 Mei 2025

Nimegombana na kitabu. Ukurasa wa mfumo wa jua: sayari nane zimebanana kama watu kwenye foleni ya choo. Jua lenyewe limekatwa nusu ili wengine wapate nafasi! Nikawaambia Gredi ya Nane huu ni uongo, na uongo uliochapishwa kwa rangi ni mbaya kuliko ule wa mdomo.

Nyanchama akainua mkono. Je, kwenye mtihani tujibu kama kitabu au kama wewe, Mwalimu?

Swali la haki. Nimeahidi kuwaonyesha ukweli, wautembee kwa miguu yao.

Nimemwandikia mchapishaji barua. Kali. Ya nne mwaka huu.

Ijumaa, 9 Mei

Tumefanya! Jua lilikuwa kabeji juu ya kiti, katikati ya uwanja. Kipimo kimoja kwa ukubwa na kwa umbali — hapo ndipo vitabu vyote hukimbia. Tukapiga hesabu. Dunia ikatoka punje ya wimbi. Ashley akaidondosha Zuhura kwenye nyasi, ikabidi tutafute Zuhura nyingine.

Zile sayari nne za mawe — Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi — ziliisha kabla hatujaufikia ukuta wa darasa. Baada ya Mirihi tukanyunyiza unga kidogo, ndiyo mawe madogo yanayozunguka pale. Halafu majitu ya gesi. Mshtarii, gololi, karibu na jikoni. Zohali, gololi ndogo kidogo, nje ya geti, na pete tuliyoikata kwenye chupa ya soda. Kisha utupu. Watoto wakalalamika miguu inauma. Vizuri! Uranusi, njegere kavu, ndani ya shamba la majani chai. Neptuni, njegere nyingine, chini kabisa kuelekea mtoni, karibu nusu kilomita kutoka kwa kabeji, kati ya migomba ya Esnah, mjane mmoja wa kijijini.

Kila sayari tuliipigia kigingi, kichwa chekundu. Rangi ilibaki tulipopaka milango ya vyoo. Esnah hakuwepo, alikuwa amepeleka majani kituo cha chai. Nitamwambia baadaye. Watoto wakakimbia nyumbani kuoga kabla jua halijatua na Sabato ya Waadventista kuingia.

Jumapili, 11 Mei

Esnah amekuja na mkungu wa ndizi. Ananishukuru kwa kuleta serikali.

Serikali gani?

Ikabidi aketi anieleze. Tangu mumewe afariki, shemeji yake Onsongo amekuwa akisogeza mpaka. Kila msimu, safu moja ya migomba. Ile migomba niliyodhani ni ya Esnah ni ya Onsongo, imepandwa kwenye ardhi ya Esnah. Na Neptuni yangu imesimama pale pale ambapo mama huyu amekuwa akimwambia naibu wa chifu kwamba mpaka wa zamani ulikuwepo.

Jana Onsongo akatoka kanisani, na suti yake, akaona kigingi chenye kichwa chekundu. Savea! Mpima ardhi wa serikali amepita! Angekuwa amekiona siku nyingine angekitupa mtoni. Lakini ni Sabato, na kung'oa ni kazi. Akaketi kando yake mpaka jua likatua, Biblia magotini, akifikiria jela. Leo alfajiri amechukua panga akakata migomba yake yote iliyokuwa upande wa Esnah.

"Mama," nikamwambia, "ile ni Neptuni. Ni sayari."

"Ni ya serikali?"

"Si ya mtu yeyote."

Akafikiri. "Basi hiyo ndiyo nzuri. Iache."

Jumatatu, 12 Mei

Mwalimu Mkuu, Madam Damaris, amesikia. "Mwalimu, wewe hata ukipanda sayari inaota kesi. Ng'oa vigingi vyako leo."

Nimeng'oa saba. Cha nane nimekiacha kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Mvua haikuja.

Miaka ishirini naandika magazetini kwamba anayenyamazia uongo ni mshiriki wake. Nimewataja watu kwa majina.

Jumanne, 13 Mei

Nimekutana na Onsongo dukani. "Mwalimu, ni kweli wale savea wa Ijumaa walikuwa watoto wako?"

Nikanunua chumvi. Nyumbani tuna chumvi.

Alhamisi, 15 Mei

Baraza la kuamua mpaka limeketi pale kwenye kigingi. Haron, naibu wa chifu, kwenye kiti cha plastiki. Esnah upande huu, Onsongo upande ule, na suti ile ile. Nyuma ya umati, nusu ya Gredi ya Nane. Wanajua wote. Nyanchama ananitazama tu.

"Mwalimu," akasema Haron, "wewe hatukuapishi, unajulikana. Sema tu hiki kigingi ni cha nani."

Nikisema, Onsongo atapanda tena kabla ya jioni. Nisiposema, mimi ni kile kitabu.

Nikasimama. "Ili mnielewe, lazima nianze na jua."

"Anza."

Nikaanza. Moto wake, uzito wake, jinsi linavyozishika zote zisipotee. Zebaki, isiyo na hewa. Zuhura, sufuria iliyofunikwa. Kwenye Mirihi mzee mmoja akauliza kama kuna watu huko, na kama wapo, wanasali siku gani. Mjadala ukawaka, Waadventista na Wakatoliki. Sikuuzima. Kwenye yale mawe madogo Onsongo mwenyewe akauliza nani ana hati yake. Haron akadai utulivu. Mshtarii nikaieleza kwa kirefu, miezi yake mikubwa mmoja mmoja. Mawingu yakaja kutoka upande wa Nyamira. Nilikuwa nachora pete za Zohali kwenye udongo mvua ilipoanguka ikafuta kila kitu.

Tumekimbilia jikoni kwa Esnah. Ametupa chai sote, hata Onsongo. Ninaandika hapa hapa, mvua bado inapiga mabati.

"Tutaendelea Jumatatu," akasema Haron. "Zimebaki ngapi kabla ya kufika hiki kigingi?"

"Moja."

Onsongo akashika kikombe kwa mikono miwili. Akaniuliza polepole, karibu kwa upole: "Na ukishafika, Mwalimu, utasema nini?"

Esnah akanijazia kikombe kabla sijajibu.