Fundi wa Gari Letu Alikuwa Wewe

Kwako Mama Nekesa, mke wangu,

Jumamosi iliyopita nilitandika ile leso yako ya kijani kando ya gari, nikapanga vifaa juu yake kama ulivyokuwa ukivipanga, cha kwanza kutumika kikiwa karibu na gurudumu. Jeki na stendi zake mbili. Mawe ya kuzuia magurudumu ya nyuma. Spana ya ringi namba kumi na nne, ile uliyopewa na baba yako. Mkanda wa kufungulia filta, faneli, matambara, na ule mtungi wa mafuta ya kupikia ulioukata ubavu ukawa beseni. Oili na filta mpya nilikuwa nimezinunua mjini Kitengela. Nilipomaliza kupanga nikasimama, nikaona sijui kinachofuata.

Nekesa ndiye aliyeniomba. Amepata kazi ya kufundisha Kajiado, na gari sasa ni lake. "Baba, wewe ndiye umebadilisha hii oili miaka yote," aliniambia. "Nionyeshe, mafundi wa huko wasinicheze."

Nikamwambia sawa. Kila tulipobadilisha oili yeye alikuwa bwenini, naye aliamini walichoamini wageni wetu wote.

Wewe ulikulia Namanga, kwenye gereji ya baba yako, katikati ya malori. Mimi nilikulia Bungoma na baiskeli. Tulipopata gari, wewe ndiye uliyejilaza kwenye gunia ukaingia chini yake, mimi nikabaki kukupa vifaa. Kisha akaja kaka yangu Wafula. Niliposikia sauti yake getini nilikunong'oneza, "Tafadhali toka, nilale mimi." Ulinitazama kidogo, ukacheka, ukatoka, ukakimbia kunawa mikono. Wafula akakuta miguu yangu tu imetokeza.

"Huyu ndiye mwanamume!" akasema. "Shemeji, chai ya fundi iko wapi?"

Ukaileta chai. Mimi huko chini nilikuwa nimeshika chuma nisichokijua hata jina.

Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kulinda geti. Mtu akibisha, tunabadilishana. Jirani yetu Mama Naserian ndiye pekee hatukuweza kumdanganya, kwa sababu hakupitia getini. Alipenya kwenye pengo la ua na debe lake, kuchukua oili chafu ya kupaka nguzo zake zisiliwe na mchwa. "Sopa!" alikuwa akikusalimu kwa Kimaasai, nawe ukiitika "Epa!" kutoka chini ya gari. Kisha alinigeukia. "Baba Nekesa, mimi nachunga ng'ombe. Wewe unachunga nini hapo?" Ulikuwa ukicheka mpaka spana inakuponyoka.

Nayakumbuka mambo yako madogo. Kwanza uliliendesha gari hadi madukani na kurudi, ili oili ipate joto itoke vizuri. Mpira wa filta mpya uliupaka oili kwa kidole kimoja, polepole, kama unayempaka mtoto mafuta. Filta yenyewe uliikaza kwa mkono tu. Kuhusu ile nati ya chini ya kutolea oili uliniambia, "Ukianza kukunja uso, ujue umeshakaza sana." Na nakumbuka siku moja, ukipangusa vifaa, ulisema bila hasira, "Siku moja uniache nisimame hapa na spana yangu, mgeni akiingia." Nikadhani ni utani. Hukusema tena.

Basi, Jumamosi nilifuata hayo niliyoyakumbuka. Oili ya zamani ilitoka, nikafunga filta mpya, nikajaza, Nekesa akawasha. Oili ikamwagika chini kama maji ya mfereji. Ule mpira wa filta ya zamani ulikuwa umebaki kwenye injini, nami nikafunga mwingine juu yake. Lazima wewe uliutafuta kila mara kwa kidole. Mimi sikuona kamwe. Macho yangu yalikuwa getini.

Nekesa akazima, akainama, akaifungua filta, akauvuta ule mpira wa zamani, akanionyesha. "Baba, kweli umewahi kufanya hii kazi?"

"Hata siku moja," nikasema. "Alikuwa mama yako."

Alikaa kwenye leso. "Na mbona hamkuniambia?"

"Mama yako angekuambia. Mimi ndiye sikutaka."

Alijifuta macho kwa mkono wenye oili, akapaka shavu lote. Hapo akafanana na wewe kabisa. Kisha akajilaza kwenye gunia. "Nipe tambara," akasema, akaingia chini.

Siku iliyofuata Wafula alikuja, nikamweleza na yeye. Alifikiri, halafu akauliza, "Na ile pikapu yangu?"

Unaikumbuka. Ilikuwa ikivuja oili, akatuachia akaenda zake Namanga kwa basi. Aliporudi ilikuwa kavu.

"Ni yeye," nikasema.

"Lakini nilikuletea wewe jogoo wa shukrani! Jogoo mkubwa!"

"Akampika."

"Na firigisi?"

Mke wangu, uliipika firigisi ya jogoo wa jasho lako mwenyewe, ukaiweka kwenye sahani yangu mbele ya Wafula, kwa kuwa kwetu hupewa mwanamume wa nyumba. Nami nikaila. Nakumbuka hata nilisema ina chumvi kidogo.

"Nilikula mimi," nikamwambia. Wafula aliweka kikombe chini na hakukigusa tena.

Ndiyo sababu barua hii siitii kwenye bahasha. Naitoa wazi, ili kila aliyewahi kuniita fundi aisome, hata wale waliosema kwenye mazishi yako kwamba wewe ulitunza jiko na mimi nikatunza gari. Niliwasikia, nikanyamaza. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote. Nisamehe.

Wafula amesema Desemba ataleta jogoo mwingine. Nitamchinja, nitampika mwenyewe nijuavyo, na meza ikijaa watu nitachukua firigisi niiweke kwenye sahani ya Nekesa. Mtu akiuliza kwa nini, nitamwambia ni ya mama yake.

Pumzika, mpenzi.

Mumeo,
Baba Nekesa