Mwasi ya Kindu

Jumanne, 9 Juni 1964
Nimefika! Meli kutoka Kindu siku tatu, garimoshi kutoka Ubundu kutwa nzima, kisha kivuko. Mto ni uleule wa kwetu, lakini hapa umebeba meli sita kubwa kwa mpigo. Feruzi, mume wangu, ana mwaka hapa Kisangani, anashona nguo mtaa wa Mangobo. Karibu na nyumba kuna bomba. Unazungusha, maji yanakuja! Nimefungua na kufunga mara tano. Feruzi akasema basi, Hadidja, watu wanatutazama.

Jumatatu, 15 Juni
Sijaongea na mtu ila Feruzi na kuku. Mtaa mzima ni Lingala. Wanasema haraka, wanacheka, nami nacheka bila kujua ninacheka nini. Jioni taa za barabarani zinawaka zote pamoja. Natamani kuwa na mwenzangu wa kumwambia: umeona?

Jumamosi, 20 Juni
Leo nimetukanwa mbele ya watu. Pale bombani yuko mama mmoja muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, mrefu kuliko Feruzi, sauti ya kuvuka mto. Nimejitwisha ndoo niondoke, akanipigia kelele: Mwasi! Mwasi! Kidole kwangu! Mwasi, mimi? Redio kila siku inataja waasi wa Uvira, na mimi nimetoka upande uleule. Nikamjibu: mwasi ni wewe na nyumba yako nzima! Nikaondoka na ndoo yangu.

Feruzi amecheka hadi akalalia cherehani. Kumbe kwa Lingala mwasi ni mwanamke. Aliniita tu: wewe mama! Nilikuwa nimesahau kitenge changu juu ya ukuta. Nami nimemwambia kwa hasira kwamba yeye ni mwanamke. Ee Mungu wangu, nitaenda kuchota wapi sasa?

Jumapili, 21 Juni
Amekuja! Na kitenge changu, kimefuliwa. Anaitwa Hélène, wa Bumba, mumewe Sébastien yuko kwenye meli za Léopoldville. Feruzi kamweleza ule mkasa. Akacheka mwili mzima, benchi likalia. Kiswahili chake ni cha sokoni. Akasema: "Weye mwasi, miye mwasi. Bon, tuko babili." Wawili, yaani. Tumekula kwanga mbili. Nimelala mchana kama mtoto aliyeshiba.

Jumapili, 19 Julai
Yeye anasema pondu, mimi nasema sombe, majani ya muhogo ni yaleyale, chungu ni kimoja. Samaki anamkaanga kwenye sufuria ya peke yake, kwa ajili yangu, isiyojua nguruwe. Sikumwomba. Kanitembeza hadi bandarini, watu wanampisha njia. Kwa kila anayeuliza mimi ni nani, anajibu: mwasi ya Kindu, moninga na ngai. Mwanamke wa Kindu, rafiki yangu. Nilikuwa natembea nyuma yake nikijiona mkubwa.

Alhamisi, 6 Agosti
Simba, ndio wale waasi wa redioni, wameingia jana. Majani kichwani, mikuki, bunduki. Wanasema Kiswahili! Lingala ni lugha ya askari wa serikali, anayeisema anashukiwa. Asubuhi watatu walikuwa mlangoni kwa Hélène. Nilikimbia, sijui miguu niliipata wapi. Nikasema huyu ni dada yangu, ni bubu tangu kuzaliwa. Hélène akafunga mdomo. Wakaondoka.

Feruzi alikwenda Ubundu Jumatatu kumleta mama yake. Garimoshi halijarudi.

Ijumaa, 25 Septemba
Hélène bado bubu. Siku hamsini! Mama wa sauti ile. Anauza kwanga kwa vidole. Juzi maji ya moto yamemwagikia mguu wake, Simba wawili wakimtazama. Machozi yalitoka, sauti haikutoka. Mimi ningesema hata na sufuria. Namheshimu mpaka naogopa. Habari za Feruzi hakuna.

Jumanne, 24 Novemba
Ndege, ndege! Watu wanashuka angani kwa vitambaa, upande wa uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Risasi kutwa. Tumelala chini ya meza ya Hélène. Hélène amesema! Neno la kwanza: Hadidja.

Jumatatu, 30 Novemba
Niandike pole pole.

Asubuhi askari wa serikali, ambao sasa ndio wenye mji, walituita uwanja wa shule, mtaa mzima. Aliyetoka upande wa waasi alete shahidi. Shahidi wangu Hélène, nani mwingine? Zamu yetu ilipofika akamwambia karani kwa sauti yake ile: "Oyo mwasi ya Kindu, moninga na ngai."

Askari aliyesimama karibu ni mtu wa kusini, Kiswahili ndiyo lugha yake. Akasikia mwasi wa Kindu! Akanishika mkono. Alisema shahidi wako mwenyewe amekutaja. Hélène akaeleza, karani akaeleza, askari mwingine akacheka. Huyu hakucheka.

Mkubwa wao akakata shauri. Nilete karte yangu ya utambulisho yenye muhuri wa kuingia mjini. Ikionyesha Juni ni sawa, maana Simba walichukua Kindu Julai. Kabla ya saa tisa. Na nani atabaki dhamana mpaka nirudi?

Hélène alikwenda akakaa chini, palepale vumbini, kati ya washukiwa, akanyoosha miguu yake mirefu. Waliokaa pale jana walipakiwa kwenye lori, hawajaonekana tena. Anajua, tuliona pamoja. Akaniambia: "Kwenda. Miye niko."

Tumejuana miezi mitano na siku kumi tu! Mtu niliyemtukana bombani! Nimeuliza moyo wangu kama mimi ningekaa.

Karte haipo. Nimepekua sanduku, godoro, droo ya cherehani. Sasa nakumbuka: Feruzi aliondoka na karatasi zetu zote, yangu na yake.

Tonton Amuri, mjomba wa Feruzi, amefika saa saba na nusu. Feruzi ni mzima, yuko Ubundu! Nimelia. Tonton ana mtumbwi umefichwa, tuvuke ng'ambo sasa hivi, kisha kwa miguu hadi Ubundu. Ng'ambo bado ni ya Simba. Nikamwambia habari ya Hélène. Akasema: "Ule mama luga yao anaijua, atajitetea. Weye utajitetea na nini?" Na kweli sina kitu. Lakini nikivuka, neno la yule askari litakuwa kweli, na shahidi wa uongo atakuwa Hélène. Feruzi wangu! Miezi minne sijaona uso wake.

Saa nane na robo. Tonton amegonga tena, mtumbwi haungoji. Nimemwambia amsalimie Feruzi. Amenitazama sana, amekwenda.

Narudi kwa Hélène mikono mitupu. Najifunza neno: nazongi, yaani nimerudi. Nazongi, nazongi. Nisikosee mbele yao. Nasikia lori linawashwa upande wa shule. Naenda bila viatu