Ulezi wa Mama Kristiana

Katandala, Sumbawanga
21 Novemba 1999

Kwa Kaka Yusto,

Shikamoo kaka. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima huko Mbeya, wewe, shemeji na watoto. Yule mdogo kifua chake kimepona? Sisi huku tunaendelea, tunamshukuru Mungu. Baba bado anakohoa asubuhi lakini jembe hajaliacha. Mvua za kwanza zimenyesha na kutwa yuko shambani akigombana na ng'ombe wa majirani. Unisamehe kwa kimya changu. Nilikuwa na kazi moja ambayo sikutaka kuitolea habari kabla haijaisha.

Unakumbuka shirika letu lilipobinafsishwa na sisi wapiga chapa tukapunguzwa, ofisi ilitupa kompyuta zake za zamani nyuma ya ghala, nami nikaomba moja. Ulinicheka siku ile. Ulisema wenzangu wamepewa kiinua mgongo, mimi nimepewa bati. Kweli, kioo chake ni cheusi, maandishi ya kijani, na kumbukumbu yake ni ndogo hata barua ndefu inaishinda. Lakini ilikuja na kitabu chake, nikajifunza kuipa maagizo. Kwa kuwa umeme wa mji ni wa mgao, niliiunga kwenye betri ya gari, ninayoichaji kwa Mzee Kashinje, yule mfugaji wa Kisukuma mwenye paneli ya jua. Mashine za kisasa zingeimaliza betri hiyo kabla chai haijachemka. Yangu hula kidogo, kama kuku mgonjwa.

Nilichokifanya kwa mashine hiyo ulikiona mwenyewe ulipokuja Pasaka: marehemu Mama yetu akipepeta ulezi. Hatukuwa tumebaki na picha yake hata moja, mchwa walikula ile ya ubatizo wako. Basi nikamrudisha kwa nukta. Sikuchora punje mojamoja, mashine isingezibeba. Niliiambia namna punje moja inavyorushwa, inavyokawia hewani, inavyoanguka. Kisha nikaziambia zote zifanye hivyo, kila moja na ukaidi wake kidogo. Makapi niliyaambia yafuate upepo. Mama mwenyewe ni mistari michache tu: mgongo, mikono, na lile bega la kushoto lililolegea tangu alipoteleza kisimani. Maagizo yote hayakujaa kurasa mbili. Baba alipomwona akiinua ungo, alivua kofia yake. Hakuniuliza nimefanyaje. Aliniuliza kama Mama anachoka.

Baada ya Pasaka disketi yenye kazi ile ilipotea sandukuni. Nakala nyingine ilikuwa ndani ya mashine, kwa hiyo Mama hakupotea, ila roho iliniuma kwamba kuna mtu ameingiza mkono katika vitu vyangu. Nikamshika Albina. Tangu mama mdogo aliyemzaa afariki, mtoto yule alikuwa mikononi mwangu, yeye ndiye anayefagia chumba, nani mwingine? Aliapa kwa rozari. Nikamwambia mwizi hana rozari. Akafunga vitu vyake kwenye kanga, akapanda basi la Laela kwenda kwa mjomba, nami sikumsindikiza. Nilikuandikia habari hizo. Ukanijibu kwamba nimefanya vyema, watoto wa kulelewa ndivyo walivyo.

Mwezi wa saba nilipita mjini mbele ya duka la Flavian, yule anayeuza kompyuta mpya. Watu walikuwa wamejaa dirishani wakicheka. Nikasogea. Alikuwa Mama. Flavian alikuwa amempaka rangi, ameandika jina la duka kifuani pake, na juu yake maneno: KAZI HII HAIWEZEKANI BILA KOMPYUTA YA KISASA. Kaka, maagizo yangu niliyapima kwa mwendo wa mashine yangu kuukuu. Kwenye ile yake yenye kasi yalikimbia bila breki. Mama alikuwa anarusha ungo kama mtu aliyeshikwa na kifafa, bega linaruka, ulezi unatapakaa, na kijana mmoja pale mlangoni alikuwa akimwigiza, wenzake wanashika mbavu.

Niliingia ndani. Nilimwambia Flavian huyo ni mama yangu. Akanijibu kwa upole, mbele ya wateja: "Dada Bertila, nani atakuamini? Na lile bati lako?" Nilitoka. Kuanzia hapo mpaka nafika nyumbani sikujibu salamu ya mtu.

Hakuishia hapo. Unajua nilivyokuwa nimeiomba kamati ya vijana wa kata tufufue kompyuta zilizotupwa, tuwafundishe vijana kuchora na kutengeneza muziki kwa mashine zinazokubali betri na jua. Walishanipa chumba. Flavian akawapelekea Mama yule wa rangi, akawaambia huo ndio ufundi, na kwamba mimi nataka kuwalisha watoto wao makapi. Wakabadili shauri, chumba wakakiagizia mashine mpya za Flavian. Mashine tulizokwisha kuzifufua zilipakiwa kwenye mkokoteni zikaenda kutupwa kwenye shimo la taka Malangali. Nilizikuta zimevunjwa vioo kwa mawe.

Nililia siku hiyo. Kesho yake sikulia tena, nilianza kufikiri.

Nilimrudia Flavian nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Nilimwamkia, nikamwomba radhi. Nikamwambia nimeona amenishinda, ila ni aibu kwake kuonyesha mama anayetetemeka siku ya ufunguzi wa chumba, mbele ya wageni. Aniruhusu nimpunguzie mwendo. Alifurahi mno. Tangu zamani alikuwa anataka kumtuliza yule mama na hajui pa kuanzia. Alinikalisha kwenye kiti chake, akaniagizia soda. Niliinywa yote, kaka, nikacheka na utani wake, na vidole vyangu vinaandika.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Kamati yote, paroko, walimu, wazazi, na Baba kwenye benchi la mbele maana nilimlazimisha aje. Flavian aliwasha ile mashine kubwa. Mama akatokea, ametulia, anapepeta kwa mwendo wake mwenyewe. Kina mama wengine wakaanza kutikisa vichwa kwa kumtambua. Flavian akasimama, akaeleza jinsi alivyoumiza kichwa kuitunga kazi ile, na ya kuwa mama huyo ni wa kubuni tu, hayupo duniani.

Alipokuwa anasema hayo, makapi yaliyokuwa yakipeperuka yakaanza kutua. Yalitua pole pole, herufi baada ya herufi, chini ya miguu ya Mama: MIMI NI KRISTIANA WA BALTAZARI. MWANANGU BERTILA ALINICHORA. FLAVIAN AMENIIBA.

Ukumbi ukapiga makofi, Flavian akadhani ni yake. Alipogeuka akabonyeza vitufe vyote. Nilikuwa nimeiagiza mashine isimsikilize. Akachomoa waya. Mwenyekiti wa kamati akamwambia airudishe, wasome vizuri. Akawasha tena, na Mama akarudi, akapepeta, akasema yale yale. Paroko akamwomba jambo moja tu: afungue maagizo yake, awaonyeshe mahali upepo ulipoandikwa. Flavian aliinama kwenye kioo muda mrefu, jasho linamdondoka. Kisha akachukua koti lake akatoka kwa mlango wa nyuma.

Sikumwonea huruma, na sasa hivi ninapoandika simwonei. Kamati ilizirudisha mashine zake. Waliokuwa wameagiza kwake wakaghairi. Duka sasa ni la vipuri vya baiskeli. Mimi nina chumba changu na vijana wangu, na tumeokota kutoka Malangali kila kilichookoteka. Nikipita pale dirishani huwa napunguza mwendo makusudi, ili ladha ikae.

Lakini kaka, hayo siyo niliyokalia kuandika.

Kabla hajahama, Flavian alikuja hapa nyumbani, mchana, nikiwa natwanga. Alisimama mlangoni bila kukaribishwa. Nilidhani amekuja kutukana. Akasema nimemwita mwizi mbele ya mji mzima, sawa, amekubali, lakini yeye hajawahi kuingia nyumbani kwangu. Disketi aliletewa. Nikamuuliza na nani. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye wa kuhurumiwa. Akasema: "Muulize kaka yako ni kwa nini amekuwa wakala wangu Mbeya."

Sikukuuliza: lile neno bati alilipata kwako, na Pasaka ulikuwa hapa. Nilimwendea kwanza Albina. Nilimkuta Laela akianika mahindi kwa mjomba, amekonda. Nilipiga magoti pale pale kwenye turubai, mahindi yakinichoma. Alinipa maji ya kunywa, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema amenisamehe. Nilipomwambia turudi nyumbani, alisema hapana. Akaendelea kuanika. Hilo ndilo ulilonifanyia, Yusto. Mama angekusamehe la kwake, maana alikuzaa. Albina ulimwacha abebe wizi wako, na barua ukaandika ya kunipongeza.

Jana ilikuwa Misa ya kumbukumbu ya Mama. Baada ya chakula nilileta mashine yangu na betri uani chini ya kibanda cha majani, ukoo wote ukakaa. Nimemtengeneza upya. Sasa Mama anapepeta na watoto wake wamemzunguka wanaokota punje zinazoruka: mimi nipo, na Albina yupo karibu kabisa na ungo. Shangazi alihesabu kwa kidole, akauliza Yusto yuko wapi, au ni kile kimashine kimekosa nafasi. Nikamjibu nafasi ipo. Kisha nikawaambia yote, kama nilivyokuandikia hapa, bila kuongeza chumvi. Walikula walichobakiza, wakaaga mapema.

Nilitaka kukutaja mbele yao na nimekutaja. Usije ukadhani nimekosea au hasira zilinipanda. Nilichagua siku, nikachagua watu. Krismasi ukija, mlango wa kwanza kugonga ni wa mjomba, Laela. Huku usianze.

Msalimie sana shemeji. Watoto wabusu kwa niaba yangu, uwaambie shangazi yao anawapenda; wao nitawachorea chochote watakachotaka. Mzee Kashinje anakusalimu, hajui lolote. Jirani zetu wote wazima.

Baba nimemsomea barua hii yote akiwa ameketi jikoni. Nilipofika hapa kwenye salamu nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alisogeza kuni, akasema niandike kwamba hakusalimu. Nilimuuliza mara ya pili, huenda sikusikia vizuri. Akasema niandike hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Bertila Baltazari