Asali ya Asubuhi

Jumanne, 4 Machi

Leo nimetukanwa hospitali, na aliyenitukana alikuwa anatabasamu.

Tulikwenda watatu. Mimi, binti yangu, na mjukuu wangu Mwiba. Jina lake la kadi ya hospitali ni lingine, la Mwiba nimempa mimi. Mwembamba, na mdomo unachoma. Ana miaka kumi na mitatu, na tangu ananyonya ana seli mundu. Damu inajikunja, inakwama kwenye mishipa, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Sihitaji kufundishwa hilo. Nimelibeba mgongoni.

Daktari wake ni wa kike, miwani imemzidi uso. Mimi namwita Miwani. Akasema ugonjwa huu mtoto haupati mpaka apewe nusu na mama na nusu na baba. Nikasema kwetu hakuna! Atafute kwa baba yake, huko kwa madereva wa malori. Mara ya mwisho walinitoboa kidole, leo jibu limetoka. Ile nusu ya binti yangu imetoka kwangu.

Kwangu!

Binti yangu ananiambia njiani, Mama, si kosa lako. Nani kasema kosa? Nimesema ni matusi.

Mwanangu wa kwanza alivimba mikono, hajafikisha mwaka. Tukasema ni meno. Tulimzika tukisema ni meno.

Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Sasa wanataka kumtengeneza Mwiba upya. Kuna vitu vinaitwa vinasaba, ndiyo maandishi ya mwili, na kwa Mwiba yamekosewa herufi moja. Watazivuta mbegu za damu, zile zinazozaa damu mpya, kutoka mwilini, wazipeleke maabara, wakate penye kosa kwa mkasi usioonekana, kisha wamrudishie. Nikamuuliza Miwani, mkasi usioonekana, wewe unajuaje kama umekata pale pale? Akacheka, akasema ni swali zuri.

Sikuwa nataka sifa. Nilitaka jibu.

Alhamisi, 13 Machi

Jirani yangu kaja. Huyu tunamwita Mama Redio kwa sababu hazimwi. Ameshasikia! Ananiambia huko kwa Wazungu walinakili kondoo, akatoka kondoo yule yule, hata kulia kwake. Kwa hiyo nikae macho, watamnakili mjukuu. Siku moja watakuja Mwiba wawili mlangoni, nitamkaribisha yupi?

Mwiba alikuwa ndani, kasikia. Akapiga kelele, "Waje hata watatu, Bibi! Mmoja aoshe vyombo!"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mama Redio hakucheka, alikuwa amekuja na habari zake, hakupenda ziharibiwe.

Baadaye nikamuuliza Mwiba taratibu. Unataka kweli? Kabla ya kurudisha zile mbegu watakupa dawa kali ya kufagia za zamani. Nywele zitaanguka. Utakaa chumba cha peke yako wiki nyingi. Akasema, "Bibi, nataka kukimbia kwenye mvua kama wengine." Mtoto huyu akilowa tu, baridi inamlaza kitandani.

Nikamwambia mvua ina nini cha ajabu.

Jumatatu, 24 Machi

Amri mpya. Kapsuli za Mwiba za asubuhi, zile za kuzuia maumivu, zikome. Miwani anasema zinalaza mbegu za damu, na siku ya kuzivuna zinatakiwa ziwe macho, zimejaa. Badala yake Mwiba ataongezewa damu ya watu kila baada ya wiki chache. Binti yangu anaitikia tu, ndiyo daktari, ndiyo daktari. Kama darasani.

Mwiba hawezi kumeza kapsuli. Inamkwama, anatapika. Kwa hiyo tangu mdogo mimi naifungua, namimina ule unga kwenye kijiko cha asali, nakoroga kwa kijiti, analamba kabla ya shule. Mama yake anaondoka alfajiri kwenda kiwanda cha sabuni, hajawahi kuona hata kijiko. Kazi hii ni yangu. Zile kapsuli ndizo zimemfikisha miaka kumi na mitatu — hizo, na mimi.

Leo wanasema acha, kama mtu anayesema zima taa.

Binti yangu kaniambia chupa iliyobaki nimpe mtu wa dawa pale hospitali. Nimesema sawa.

Chupa iko kwenye mkoba wangu.

Asali nitaendelea kumpa, mwenyewe kaomba. Kazoea.

Jumatano, 9 Aprili

Siku chache tu bila kapsuli, nyonga ikaanza. Alirudi kutoka shule anaburuta mguu. Eti ameanguka. Muongo! Namjua anavyotembea akiwa ameanguka na anavyotembea damu ikiwa imekwama.

Asubuhi yake nikafungua moja. Moja tu. Nikakoroga.

"Bibi, asali hii chungu."

"Lamba. Nyuki hawakuuliza wewe."

Akalamba. Na kesho yake nikampa. Na leo.

Hajalia tena. Binti yangu anasema, umeona Mama, damu ya kuongezewa inafanya kazi. Haya, iwe damu! Wana mashine zao, mimi nina macho. Nikimwona mtoto anapanda ngazi bila kushika ukuta, nani ataniambia nimekosea?

Nitaacha wakikaribia siku yenyewe.

Jumamosi, 3 Mei

Nilisema nitaacha. Jana jioni alikuwa anacheza kamba na wasichana wa nyumba ya pili! Kamba! Mwiba!

Leo asubuhi nimempa tena.

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya kuvuna. Siku zilizopita wamemchoma sindano za kuzifukuza mbegu kutoka kwenye mifupa ziingie kwenye damu. Leo wamemlaza karibu na mashine kubwa kama kabati la nguo. Damu inatoka kwa mpira mmoja, inazunguka humo ndani, inarudi kwa mpira mwingine. Pembeni kinaning'inia kifuko, ndimo zinamobaki mbegu. Nilitegemea nione mbegu. Ni maji mekundu tu, tena yamechuja.

Mwiba akamwambia fundi wa mashine, "Kaka, ukimaliza nirudishie chenji."

Kijana wa watu akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

Mimi nilikaa nashika miguu yake. Ya baridi. Mchana wote. Binti yangu akadhani naomba Mungu. Nilikuwa naangalia kile kifuko.

Jumanne, 6 Mei

Hazikutosha. Wamehesabu leo, hata robo ya zinazotakiwa haikufika. Mkasi wao hauna cha kukata.

Miwani hakuelewa. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza polepole, kapsuli ziliachwa? Zote? Binti yangu akaapa. "Daktari, tangu siku ile uliyosema. Hata chupa tulirudisha."

Mwiba akasema, "Sijalamba dawa yoyote."

Miwani akanigeukia. "Bibi?"

Nikasema, "Mtoto anataka maji."

Hakuwa anataka maji. Nikainuka nikaenda kuyaleta. Nilitembea hadi mwisho wa korido, nikajaza kikombe, nikakimwaga, nikakijaza tena.

Niliporudi binti yangu alikuwa amemkabili fundi wa mashine. Anamwambia umeiacha mashine ukacheka na mtoto, umeharibu damu ya mwanangu. Maneno mengine siyaandiki. Kijana ameinamisha kichwa.

Nikampa Mwiba maji. Akayanywa, kwa heshima tu.

Ijumaa, 9 Mei

Mwiba kajifunika shuka toka asubuhi. Nikamwambia inuka, nyumba si wodi. Akasema kwa ndani, "Bibi, hata damu yangu haitaki nipone."

Nikamgombeza. Ujinga gani huo! Damu ina akili? Nikatoka nje nikaanika nguo. Nguo zenyewe zilikuwa zimekauka. Nilizianua nikazianika upya.

Najiuliza. Ule mkasi wao sikuutaka, hilo kweli. Sikutaka mtu aingize mkono kwenye maandishi ya mjukuu wangu akafuta kilichotoka kwangu, hata kama kilichotoka kwangu ni ugonjwa. Lakini makusudi? Hapana.

Hapana!

Mbona nimeandika mara mbili?

Asali nimeacha kumpa kabisa. Nimesema imekwisha.

Jumapili, 11 Mei

Miwani kampigia simu binti yangu. Watajaribu mara nyingine moja, na ndiyo ya mwisho. Kuna watoto wengine wanasubiri nafasi. Ila kwa kuwa mifupa ya Mwiba imeonekana migumu kutoa, sindano ya kufukuza mbegu wataipandisha. Watampa mara mbili ya kipimo cha kwanza. Kwa mgonjwa wa seli mundu ina hatari, kasema wazi, inaweza kuleta maumivu ambayo hajawahi kuyaona, inaweza kupasua bandama. Lazima mzazi akubali.

Binti yangu amekubali. Kakaa kwenye kiti cha jikoni na sare ya kiwandani bado mwilini, anafuta machozi kwa mkono unaonuka sabuni, anasema, "Mama, nifanyeje? Mifupa yake ni migumu."

Mifupa yake si migumu! Mifupa yake haina neno. Watamchoma dawa mara mbili kwa sababu ya kijiko changu.

Nikafungua mdomo. Akaniambia, Mama usinigombeze leo, tafadhali.

Nikaufunga.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda mwenyewe. Nilivaa gauni la kitenge jipya, kama naenda kuposa. Binti yangu akanifuata, anauliza, Mama unataka nini kwa daktari? Nikamwambia ingia, usikie mara moja, sirudii.

Nikaiweka chupa mezani. Nikasema, nimempa mimi. Kwenye asali. Mtoto hakujua, mama yake hakujua, fundi wa mashine hakuharibu kitu. Ile dozi yenu ya mara mbili muitupe.

Miwani akavua miwani. Kumbe yeye mwenyewe bado mtoto mdogo, ana alama mbili za miwani puani. Nilingoja anigombeze, nilikuwa na majibu yangu tayari. Akaniuliza, "Bibi, ulikuwa unazifungua kwa mikono mitupu?"

Nikasema ndiyo, miaka yote.

Akasema dawa ile ni kali, haishikwi bila glavu. Akainuka akazunguka meza, akanishika mikono, akaanza kutazama vidole kimoja kimoja. Ningependa anipige kuliko vile.

Dozi haitapandishwa. Tunaanza mwanzo, na jopo la madaktari ndilo litasema kama Mwiba bado ana nafasi. Chupa akampa binti yangu, akamwambia airudishe siku ya kliniki, katikati ya Juni, pamoja na zilizoko nyumbani kama zipo, waandike zimebaki ngapi.

Kwenye korido binti yangu akasimama. Akasema, "Mama, yule kijana nilimtukania mama yake."

Tangu hapo hajaniambia neno.

Mwiba nilimwambia mwenyewe, jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo si damu yangu?" Nikasema si damu yako, ni mimi. Akacheka! Akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo, halafu akageuka akanitazama, kicheko kikakatika.

"Bibi, nilikuuliza. Nilikwambia chungu."

Kweli, aliniambia.

Jumatano, 28 Mei

Jopo limekubali. Nafasi moja. Kuvuna ni mwishoni mwa Juni, na kuanzia sasa mpaka siku hiyo asiionje kapsuli hata unga wake.

Binti yangu anaongea sasa, ya lazima tu. Chumvi imekwisha. Mlango ufungwe. Kamtafuta yule fundi akamwomba radhi. Mimi pia nilikwenda. Kijana akasema, "Yameisha, Bibi." Hayajaisha, namwona usoni.

Chupa kaiweka kwenye rafu ya jikoni, wazi, karibu na majani ya chai. Nikamwambia ifungie, ondoka nayo kazini. Akasema, "Siifichi, Mama. Nikianza kukuficha vitu humu ndani, hatutaweza kuishi pamoja."

Ameniadhibu, huyu mtoto. Amenizaa yeye sasa.

Alhamisi, 5 Juni

Mchana. Tuko wawili. Mama yake yuko kiwandani, hawaruhusiwi simu kwenye mitambo, nimempigia msimamizi.

Maumivu yamekuja. Yalianza kwenye goti asubuhi, sasa yako mgongoni na kifuani. Nimempa vidonge vyeupe vya maumivu alivyoruhusu Miwani, nimevisaga, havijamkwama. Nimempa maji. Nimemkanda kwa kitambaa cha moto. Hospitali wamesema gari linakuja. Wamesema hivyo mara mbili.

Jana alinikalisha. Akaniambia kama mtu mzima, "Bibi, yakija, hata nikikuomba, usinipe. Ahidi." Nikamwambia unanifundisha mimi? Akasema ahidi. Nikaahidi.

Miwani amenieleza ile kapsuli haitulizi leo, inajenga taratibu. Nimeelewa. Lakini nimeiona ikimpandisha ngazi! Nimemwona akiruka kamba!

Nimekaa mezani, mgongo kwenye rafu. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Nje hakuna gari. Limepita moja, si lao.

Analia kwa sauti ndogo, ile ya kuogopa kwamba kulia kwenyewe kutamuumiza. Ameacha. Ameanza tena.

Sasa ananiita. "Bibi. Moja tu. Hawatajua."

Nimesema hapana.

"Bibi, ulinipa nilipokuwa sikuomba."

Nimesema hapana, mwanangu, gari linakuja.

Ananiuliza kama namsikia. Naweka kalamu chini, naenda kwake mikono mitupu.