Maji Yaliyotangazwa

Usangu, Mbeya
9 Novemba 1975

Kaka yangu mpendwa Shigela,

Pokea salamu zangu hapo Ruaha Mbuyuni, wewe, wifi Roza na watoto. Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie macho yake nayaombea kila siku. Vipi vitunguu vya safari hii? Na mto, bado una maji ya kutosha? Sisi huku hatujambo. Baba anasema hajambo, na shikamoo za wajukuu wake amezipokea.

Barua yako nimeipata Alhamisi, nimeletewa na utingo wa lori la pamba. Unasema umesikia redioni kwamba kijiji chetu kina maji ya bomba na zahanati, kwamba umeshapata mtu wa kumwachia shamba, na kwamba utamleta mama huku kabla ya mvua ili familia ikae pamoja tena. Umeniuliza ni kweli au si kweli, tena nijibu kwa neno moja, kwa kuwa mimi ndiye niliyesomeshwa.

Kaka, neno moja limenishinda. Nimefungua shajara yangu nisije nikakuandikia mambo ya kubahatisha.

Jumamosi tarehe 14 Juni alikuja mheshimiwa mmoja, jina lake sitaliandika. Mabomba yalikuwa yamelazwa kwenye nyasi, hayajaunganishwa, na wanafunzi wangu walikuwa wameyakalia. Akasimama mbele yetu akasema, "Kijiji hiki kina maji." Hakusema kitapata. Alisema kina. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Nilikuwa nimekaa na baba na wazee wenzake nikiwatafsiria kwa Kisukuma, na nilipofika hapo walinigeukia wote, wakadhani shule imenipotea. Nikarudia. Baba akauliza hayo maji yako wapi, nikamjibu kwamba tafsiri yangu ni sahihi, mengine siyajui.

Jioni ile baba alitueleza alivyoelewa. Alisema zamani kwetu mtemi ndiye aliyesema habari za mvua, na aliposema ipo kisha isinyeshe, aliondolewa yeye kwenye kiti. Kwa hiyo mkubwa hawezi kusimama akasema kitu kipo, mbele ya watu wanaoona kwa macho kwamba hakipo, isipokuwa amejifunga nacho shingoni. Mtu aliyejifunga hivyo lazima asubiriwe. Ukiondoka kabla, umemwita mwongo mbele ya watu wake.

Na kweli alisubiri. Kiangazi kilipokaza, Wasukuma wenzetu walihamishia ng'ombe ihefu, kule kwenye majani mabichi ambako maji hayakauki. Baba alibaki. Mwezi wa nane mabomba yaliunganishwa na koki ikafungwa karibu na shule, lakini pampu haikuletwa. Kila asubuhi alikwenda kuifungua ile koki, akaisikiliza, kisha akaifunga vizuri kama mtu anayefunga mlango wa mwenyewe. Majirani walimtania kwamba wenzake wanachunga ng'ombe, yeye anachunga bomba.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wetu, Bwana Tadeo, nikamwomba aseme na baba. Alinipokea kwa upole. Akaniambia kiongozi hatoi taarifa, anawapa watu moyo, na kumpima kwa ndoo ni kumwonea. Kisha akaniuliza kama mimi, ninapowaambia wanafunzi wangu kwamba wote watafaulu, huwa natoa taarifa. Jibu lake, kaka, nimelitafuta tangu siku ile.

Bwana Taherali wa dukani, barabarani, nilipomweleza hayo alinicheka. Alikuwa akinipimia sukari. "Mwalimu, mtu akikuuliza hujambo, wewe ukamweleza habari za tumbo lako, nani mwenye makosa?" Mkewe, Bibi Sakerbanu, naye akacheka. Nikamwambia hakuna anayeacha ng'ombe wake wafe kwa sababu ya hujambo. Hapo aliacha kucheka, akafunga sukari yangu, akasema taratibu kwamba siku ile alipiga makofi kama mimi, kisha akarudi nyumbani akachimba kisima.

Mwezi wa tisa alikuja ofisa mwingine, mdogo kwa yule wa kwanza. Baba alisimama na fimbo yake, akaniamuru nitafsiri bila kupunguza. Nikatafsiri: "Mzee anauliza, sasa nani anaondolewa?" Mkutano mzima uliangua kicheko. Ofisa naye alicheka mpaka akafuta macho, akasema Wasukuma kwa utani hawajambo, akaendelea na habari za mbolea. Baba alibaki amesimama akisubiri jibu. Ilibidi nimshike mkono akae.

Sasa nifike pale ambapo tangu mwanzo wa barua hii napazunguka. Zizi limekwisha, amebaki dume jekundu na majike mawili yasiyo na maziwa. Baba alikuwa akinywa maji ya mtaro pamoja na ng'ombe wake, kwa sababu alikataa kwenda kuomba kwenye kisima cha Taherali. Tangu katikati ya mwezi uliopita anahara damu, na wiki hii hawezi kusimama. Zahanati ipo kweli, ina kuta na kibao, ila dawa haijafika. Nimemsihi tumpakie kwenye mkokoteni wa Taherali hadi barabara kuu tumtafutie gari la hospitali. Anasema haondoki.

Ile hajambo niliyokuandikia juu ni yake, ameniamuru niiandike. Na leo asubuhi amesikia nakujibu barua, akaniita nikae karibu.

"Ng'washi, mwandikie kaka yako maji yapo. Amlete mama yenu."

Nikamuuliza, "Baba, ni kweli?"

Akasema, "Ukimwandikia hayapo, atakuja kufanya nini? Nani atanizika?"

Hilo ndilo jibu nililo nalo, kaka. Maji hayapo. Baba anasema yapo. Ukimleta mama, ataiacha miadi yake ya macho hospitali ya Tosamaganga na mto ulio mlangoni kwako, aje kwenye koki kavu. Ukija peke yako, baba atajua kwa nini umekuja peke yako. Usipokuja, baba ataendelea kuniuliza kama barua imefika. Nimesoma hadi kidato cha nne na sina la kukushauri. Wala sijui kama utaisoma barua hii kabla hujaanza safari.

Mama akikuuliza habari za huku, sijui utamjibu nini. Mimi kule juu nimeandika hatujambo. Nimeirudia barua yote kuisoma, nikafika pale, nikaona siwezi kuifuta.

Nisalimie wifi Roza na watoto, na majirani wote wanaotukumbuka. Nikiandika haya namsikia baba ndani akiniuliza kama nimeshaandika kwamba maji yapo. Nimemjibu, ndiyo baba, nimeandika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Regina Ng'washi Limbu