Nyimbo Mbili Kati ya Tisa

4 Machi

Mwanangu,

Hatujambo, ila goti langu limegoma kusimama na pasi kutwa nzima. Kifua chako kimepoa?

Jana mteja alikuja dobini kwetu na gazeti, akatusomea safu yako kwa sauti. Ulimwandika Dijei Kivuli: kwamba biti zake za jungle, huo muziki wa ngoma za mbio, ni sufuria zinazobingirika ngazini, na kwamba arudi kwenye kazi anayoiweza. Watu walicheka. Dada yako mdogo alikuwa ananyoosha shati. Pasi ikabaki palepale mpaka kitambaa kikaungua.

Kivuli ni yeye. Albamu hiyo imemchukua miaka miwili, chumba cha nyuma, kwenye kompyuta uliyomwachia. Alikuficha ili usimpendelee.

Mama yako


11 Machi

Mama, shikamoo.

Kifua kimepoa, uso ndio sijui niuweke wapi. Sikujua, naapa. Lakini lipo baya zaidi. Albamu ina nyimbo tisa, nami nilisikiliza mbili tu, huku nakula. Ile kejeli ya sufuria nilikuwa nayo hata kabla sijaufungulia wimbo wa kwanza.

Jumapili naandika upya, nimsifu. Niombee msamaha.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Tu wazima. Nimekawia kwa kukusudia.

Sifa zako zilifika: eti madijei wote wa mitaani wajifunze kwake. Alizisoma mara moja, akaifunika kompyuta kwa shuka. Hajaigusa tangu hapo. Nilipombana akasema, “Mara ya kwanza hakunisikiliza kwa kuwa hakunijua. Mara ya pili hakunisikiliza kwa kuwa alinijua.”

Nikamwambia damu nzito kuliko maji. Akaniuliza: angekuwa mtoto wa mwingine, kaka angeandika upya? Nikaona haya mimi niliyekuzaa. Jibu unalo?

Muziki huo unaniendesha moyo mbio, sikufichi. Lakini nimekaa nikazisikiliza nyimbo zote tisa.

Mama yako


13 Juni

Mama, shikamoo. Goti liweke juu ukikaa.

Jibu ninalo: nisingeandika. Nimemweleza mhariri kweli yote, ikachapwa leo kwa mistari sita. Safu kampa mwingine, na ni haki yake.

Nimesikiliza zote tisa, mara tatu, mlango nimeufunga. Msomee haya, hata asiponijibu. Wimbo wa kwanza na wa pili, bado siupendi hata mmoja. Besi inameza kila kitu. Wa tatu ngoma zinakatikakatika hadi unadhani zimepotea, kisha zinakudaka, nilijikuta nimesimama. Wa nne mrefu mno. Wa saba kuna sauti ya mvuke wa pasi mahali pa ngoma. Huo sikuweza kuupima. Niliwaona ninyi wawili mezani mkipiga pasi, nikaona nilivyowachekesha watu juu ya jasho lenu.

Mwanao


27 Juni

Mwanangu,

Goti afadhali. Nimemsomea barua yako yote akiwa anakunja mashuka ya wateja. Hakuinua macho. Nilipomaliza, akakunja mawili zaidi, ndipo akasema, “Wa nne si mrefu. Mwambie hajui kungoja.”

Hayo ndiyo niliyotumwa. Mengine hakusema, nami simtilii maneno mdomoni.

Mama yako