Sauti yako imepigwa darasani

"Rudisha nyuma!" "Sirudishi." "Wewe ni fundi spika tu, rudisha!"

Oya, soma hii sasa hivi. Huyo ni mwanafunzi ananifokea hapa ukumbini chuoni, dakika tano hazijapita.

Leo mwalimu wa utangazaji kaja na vipande vya redio na tivii. Anawafundisha wanafunzi jinsi redio inavyoficha sauti ya mtu. Nikabonyeza cha kwanza. Si ile simu yako bwana! Ile uliyowapigia redio mwaka jana, ukasema bosi wenu aliwajengesha ukuta kwa mchanga mtupu, ukuta ukaanguka, watu wanne wakafa.

Redioni walikufanya unanguruma kama zimwi. Mwalimu akasema, "Sasa tumvue kinyago." Kompyuta yake ikafanya mambo, ukatoka wewe. Wewe mwenyewe! Na ile "kwisha habari yake" yako, mara tatu.

Darasa zima linacheka. Mmoja hacheki. Mtoto wa bosi wako, yule anayekuja saiti kila Jumamosi. Ndiye huyo wa "rudisha nyuma."

Nikachomoa waya, nikasema umeme umekatika. Taa zote zinawaka, mimi nasema umeme umekatika!

Akaniangalia. "Huyu namjua. Anatuchanganyia zege." Kasema taratibu, kama mtu anaomba chumvi.

Shuka huko juu ya jengo. Acha koleo, acha hata viatu. Usimuage mtu.

Nikamwambia, "Kaka, sauti zinafanana." Kaweka simu sikioni, kasema "Baba," akanigeuzia mgongo, akatoka.